Kwa Urefu Wake

Mama aliukataa mgomba. Baba mdogo Machibya alikuwa ameshaukata, ameuchonga pande zote mbili na kuuviringisha kwenye shuka jeupe, na jeneza lilikuwa limeshafika kutoka Bunda mjini. Kwenye ukoo wetu, mtu akipotelea ziwani na maji yakakataa kumrudisha, mgomba ndio unaolala mahali pake. Mama alifunua shuka, akatazama, akasema, "Mimi sijazaa mgomba," akarudi zake ufukweni kukaa.

Hapo ndipo tulipokwama. Kwetu jeneza halipigwi msumari mpaka mama mzazi aulizwe mbele ya watu, "Ni wako?" naye ajibu, "Ni wangu." Asipojibu hakuna udongo, na bila udongo msiba hauishi. Mdogo wangu Faustine alikuwa amezama na mtumbwi wa dagaa. Wenzake waliibuka mmoja mmoja wakazikwa makwao, yeye hakuibuka. Mama akawa kila kukicha anajifunga kanga na kushuka kukaa kwenye mawe, anatazama maji, iwe jua iwe mvua. Chakula hagusi. Niliona kabisa kwamba tunakwenda kuchimba makaburi mawili, na niliwaambia hivyo kwenye kikao, wakanitazama kama nimewatukania mama zao. Ukoo wetu kwa vikao hatujambo. Chai inaisha, maneno hayaishi.

Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyetoa sharti.

"Nileteeni uso wake," alisema. "Uso na urefu wake. Mtoto wangu alikuwaga na urefu wake, hapo mlangoni alikuwa anainama. Mkimleta hivyo nitamwona. Nikimwona nitasema."

Picha ya kulazwa jenezani, basi. Picha ya mtu mzima, kuanzia utosini mpaka nyayo. Baba mdogo alisema jambo hilo halijawahi kutokea. Nikamwambia hata mgomba kuna siku ulikuwa haujawahi kutokea. Alikohoa, akapanga maziko yawe Jumamosi, akaniambia picha ni kazi yangu.

Nilikwenda Musoma na Ngolo. Ngolo ndiye anayemfuata Faustine kuzaliwa. Walikuwa mtumbwi mmoja usiku ule wa ajali, na katika wote waliotoka ni yeye peke yake aliyerudi anapumua. Wavuvi wa asubuhi walimkuta amening'inia kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduka. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimechunika, vidole vimepasuka, na mpaka tunakwenda Musoma vidonda vilikuwa bado vyekundu. Kuhusu usiku ule hakumwambia mtu neno. Aliitikia salamu, alisema ndiyo na hapana, basi. Watu walikuwa wanampiga mgongoni na kumwambia ana bahati, na kila wakimwambia hivyo alikuwa anakunja uso kama aliyekanyagwa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona Butiama, sare za shule hasa. Suruali ya Faustine ya kanisani nilimshonea mwenyewe, na shati pia. Nguo hizo nilizibeba kwenye mfuko ziwe kipimo, kwa sababu kama urefu ndio mama anaoutaka, urefu wake ulikuwa ndani ya suruali ile.

Shida ilikuwa uso. Simu ya Faustine ilizama naye. Mwenyewe hakupenda kupigwa picha, na picha alizokuwa ananitumia zilikuwa za sangara tu, sangara mkubwa, sangara mkubwa zaidi, kana kwamba mimi ni mnunuzi. Tulipekua simu za nyumba nzima tukapata mgongo wake, kofia yake, kiwiko chake. Uso ulikuwa kwenye picha moja tu, ya mahafali ya darasa la saba, watoto wamepangwa mistari mitatu mbele ya darasa. Faustine yuko nyuma, mdogo kama punje ya harage.

Nyasho, palepale Musoma, kuna kijana anaitwa Revocatus, anatengeneza mabango ya harusi, vibao vya maduka na fulana za misiba. Ana kompyuta moja na mashine kubwa ya kuchapisha ambayo imekula nusu ya chumba. Nilimweleza tunachotaka. Hakushangaa, akasema tu pole, akaiingiza ile picha kwenye kompyuta, akaukata uso wa Faustine kutoka katikati ya wenzake. Ukazungukwa na mstari mwembamba wenye vidoti kwenye pembe. Akashika kidoti kimoja kwa mausi, akavuta.

Uso ukakua. Nikaona macho yake, nikaona lile sikio lake la kushoto lililotoka nje kuliko la kulia. Revocatus akavuta tena, na sasa macho yakawa mabaka. Akavuta tena, na mdogo wangu akageuka kuwa miraba, mraba wa kahawia, mraba mweusi, mraba wa kahawia.

"Dada, picha hii haina nyama," Revocatus alisema. "Ukimvuta kidogo anakubali. Ukimvuta mpaka ukubwa wa mtu, anavunjika."

"Mama anataka ukubwa wa mtu."

"Basi hebu nenda mlangoni halafu ugeuke."

Nilikwenda mpaka mlangoni nikageuka. Faustine alikuwa ananitazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Miraba yote ilikuwa imeshikana ikawa yeye, mzima, na uso wake wa kutaka kucheka. Nililia palepale mbele ya wateja wengine na wala sikuona haya. Kisha nikasogea karibu, akapotea tena.

Revocatus alijitahidi kuulainisha ule uso mpaka miraba ikapungua makali. Lakini kulikuwa na balaa la pili. Watoto wa mstari wa mbele walikuwa wamemficha kuanzia kifuani, kwa hiyo Faustine hakuwa na mikono wala miguu. Na hata hicho kifua kilikuwa cha mtoto. Revocatus akajaribu kukirefusha. Kuna kitufe anachokishikilia wakati anavuta ili kitu kikue urefu na upana kwa pamoja. Safari hii alikiachia, akavuta kwenda juu tu. Shingo ikarefuka, mabega yakabaki ya mtoto, ikatokea sura ya mtu aliyeugua miaka.

"Huyo ni nani?" nilimwambia. "Mrudishe alivyokuwa. Mrudishe sasa hivi!"

"Nairudisha, dada, usipige kelele. Ni kujaribu tu." Akaifuta. "Mtoto huwezi kumvuta akawa mtu mzima. Atakuwa mtoto mkubwa. Inabidi tupate mwili."

Akanionyesha pembeni mwa kioo, kwenye orodha ya vipicha vidogo vilivyolala kimoja juu ya kingine. Kila kitu kinakaa kwenye tabaka lake, alisema, wao huita leya. Kichwa leya yake, mwili leya yake, kila kimoja unakikuza peke yake bila kukigusa kingine. Nilimwelewa haraka, maana hata mimi huwa nakata kola peke yake na mkono peke yake kabla sijaunganisha.

"Mwili wa nani?" niliuliza.

"Nipige mimi," alisema Ngolo.

Tangu tutoke nyumbani hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza alilolisema bila kuulizwa. Kabla sijamjibu alikuwa ameshachukua mfuko wa nguo kutoka mkononi mwangu, ameingia nyuma ya pazia. Alipotoka na shati la Faustine, nilishika kiti. Walikuwa na mabega yaleyale. Suruali tu ndiyo iliyokuwa inagusa sakafu, kwa sababu Faustine alikuwa mrefu kidogo kuliko yeye.

"Hiyo shida ndogo," alisema Revocatus. "Nitamkuza kidogo."

Akamsimamisha kwenye ukuta mweupe, miguu pamoja, mikono ubavuni, viganja vimegeukia mbele. Kusimama hivyo alijichagulia mwenyewe. Revocatus alikuwa amemwambia asimame anavyotaka.

Mwili ulipoingia kwenye kompyuta, Revocatus aliipima suruali mezani kwa rula yake ya chuma, akaandika namba, akaukuza mwili mpaka suruali ya kwenye kioo ikalingana na suruali ya mezani. Halafu akaleta kichwa. Kikawa kikubwa mno kwa mabega yale. Akakipunguza, kikawa kidogo, akakiongeza tena punje kwa punje mpaka nikasema hapo. Akaweka kivuli chini ya kidevu, rangi ya shingo akaifananisha na ya uso. Sikutaka kukubali, lakini kazi yake alikuwa anaijua.

"Mikono nitaisafisha," alisema. "Hivi vidonda ni kupitisha brashi tu, vinaondoka."

"Iache," alisema Ngolo.

"Lakini kaka, inaonekana kabisa kwamba—"

"Nimesema iache!"

Revocatus alinitazama. Nilidhani Ngolo amechoka, anataka tumalize tuondoke, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka. Nikatikisa kichwa, ibaki hivyohivyo.

"Sasa naunganisha leya zote ziwe moja ili mashine isisumbue," alisema Revocatus. "Zikishaungana nikahifadhi, haziachani tena. Mmeridhika?"

"Unganisha," alisema Ngolo kabla sijafungua mdomo.

Mashine ilianza kunguruma, ikatoa miguu kwanza. Ikaja suruali, ikaja mikono. Ngolo alisimama pale pale mbele ya mashine akijitazama anavyotoka kidogo kidogo, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona tangu ajali. Nilifurahi, jamani. Nilisema moyoni kwamba mtoto ameanza kupona. Picha ilichapwa kwenye turubai gumu la mabango. Lilipotoka lote, aliliviringisha mwenyewe, akaliweka begani, akakataa nisimsaidie mpaka tulipofika nyumbani.

Baba mdogo Machibya alilitandaza kitandani, akarudi nyuma hadi ukutani, akasema, "Ndiye kabisa." Kuanzia hapo wazo likawa lake. Kila mzee aliyefika alielezwa jinsi ukoo ulivyoamua kwenda na wakati.

Jumamosi tulimfuata mama kwenye mawe. Alikuja bila ubishi. Jeneza lilikuwa uani juu ya viti, liko wazi, na picha imelazwa ndani kwa urefu wake wote, imejaa barabara kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nguo za Faustine nilizikunja nikaziweka pembeni, kwa sababu nilishindwa kuamua zikae wapi. Watu walijaa mpaka nje ya uzio. Ngolo alisimama nyuma ya wanaume, mikono ameificha mgongoni.

Mama alisimama mbali kidogo, akatazama. Nikaona mdomo wake unalegea. Alikuwa amemwona. Nilitaka abaki palepale asisogee, nilitaka kumshika kanga. Lakini mama gani atakayeagana na mtoto wake kwa mbali? Alisogea mpaka akagusa jeneza, na najua hapo uso ulimvunjikia, kwa sababu alifumba macho. Akaendelea kwa kupapasa. Alipitisha mkono kwenye kola, kwenye vifungo, akashuka na mkono wa shati mpaka ulipoishia. Akafumbua macho. Akatazama kiganja cha kulia, akatazama cha kushoto, akarudia cha kulia.

"Shemeji," alisema baba mdogo kwa ile sauti yake ya hadhara. "Mama Hyasinta. Mbele ya watu hawa. Ni wako?"

"Ni wangu," alisema mama.

Wanawake walipumua. Mwenye nyundo akainua mfuniko.

"Ni wangu wote wawili," alisema mama, akaweka mkono wake juu ya ukingo wa jeneza ili mfuniko usishuke. "Huyu wa juu amekufa. Huyu wa chini yuko hai, amesimama pale nyuma. Mnataka nimfukie na yeye?"

Watu wote waligeuka. Ngolo alikuwa anatazama chini.

"Shemeji, hii ni picha tu."

"Kama ni picha tu, umeniuliza ya nini kama ni wangu?"

Baba mdogo alimwashiria mwenye nyundo auweke mfuniko chini. Mama alininyooshea mkono bila kunitazama. "Hyasinta, lete mkasi."

Mkasi wangu wa kazi huwa uko kwenye mkoba hata msibani. Nilimpa. Nilidhani ataniambia nikate mimi, lakini alikata mwenyewe, juu kidogo ya kola, taratibu, na turubai ni gumu, likawa linalia kwa kila mkato. Kuna mama mmoja aliyeanza kuomboleza, wakamtoa. Kichwa kilipoachana na mwili, mama alikinyanyua kwa mikono miwili, akavuta lile turubai lililobaki, akalitoa nje ya jeneza, likaanguka chini likajikunja. Hapo akaomba nguo. Tulizilaza pamoja jenezani, yeye shati, mimi suruali, tukafunga vifungo vyote. Zilikuwa bapa. Mama akaweka kichwa mahali pake.

"Sasa niulize tena."

"Ni wako?" Baba mdogo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni wangu. Mmoja."

Ndipo wakapiga misumari. Ilipokwisha, mama aliinama akaokota lile turubai lisilo na kichwa, akapita katikati ya wanaume mpaka kwa Ngolo.

"Chukua vyako."

Ngolo hakutoa mikono mgongoni. "Ungeiacha tu iende, mama."

"Chukua."

"Mikono hiyo ungeiacha iende naye!" Sauti yake ilipanda ghafla mpaka wabebaji wa jeneza wakasimama. "Alikuwa amenishika, mama. Mimi nimeshika mtumbwi kwa mkono huu, na huu mwingine yeye ameushika. Ananiita. Wimbi likaja, nikauchomoa mkono. Niliuchomoa mwenyewe. Nikashika mtumbwi kwa mikono yote, na yeye yuko hapo, anaonekana, ananiita jina."

Mimi ndiye niliyesimama karibu naye kule Nyasho wakati anakataa mikono isisafishwe, na nilifurahi kwa ajili yake.

"Najua," alisema mama.

Ngolo alimtazama.

"Najua tangu siku waliyokuleta. Nilikuosha mimi hiyo mikono. Ungekuwa umemshika mwenzako, mkono mmoja ungebaki mzima. Ilichunika yote miwili, sawasawa." Alilisukuma turubai kifuani pa Ngolo mpaka akalazimika kulipokea. "Nilikuwa naendaga kule ziwani kumwomba aliyekufa aje. Sikwendaga kumwomba aje anipokonye wewe. Twende tukazike."

Tulizika. Mama alitupa udongo wa kwanza, na jioni alikula ugali na furu wawili, wale samaki wadogo wa ziwani, akalala ndani. Wiki iliyofuata Revocatus alinipigia simu kuuliza kama kazi iliwapendeza watu, na kama anaweza kuchapisha picha ile tena aitundike dukani iwe mfano kwa wateja. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Maskini alipopata nafasi ya kusema, aliniambia ataifuta, na nadhani aliifuta.

Mama haendi tena kwenye mawe. Anayekaa pale sasa ni Ngolo. Mtumbwi hapandi, nyavu hagusi, anakaa tu anatazama maji, viganja vimefumbwa. Jua likianza kushuka mama anamfuata. Hamwambii kitu. Anamfumbua kiganja cha kulia, anaushika ule mkono kwa nguvu na kumvuta ainuke, na siku akikubali kuinuka, hamwachii mpaka wamevuka mlango.

Siku nyingine hakubali. Siku hizo mama anakaa naye palepale kwenye mawe, ameushika.